Uzi: Mradi wa jiolojia ya sayari unaoshinda tuzo ngazi ya sekondari, hatua kwa hatua, na mahali unapoharibikia

#1 Mpimakreta (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila msimu wa maonyesho ya sayansi, akitokea mwanafunzi wa sekondari aliyeshinda kwa utafiti wa Mirihi au Mwezi, maswali huwa yale yale: kapata wapi chombo, kapata wapi maabara? Hana chombo na hana maabara. Ana kompyuta ya kawaida, picha zilizo wazi kwa kila mtu, na swali dogo alilolishikilia mpaka likampa jibu.

Kwamba inawezekana si hadithi. Mwaka 2010 wanafunzi wa darasa la saba huko California, kupitia programu ya Arizona State University, walikuwa wakipitia picha za kamera ya THEMIS kutafuta mifereji ya lava kwenye mlima Pavonis Mons wa Mirihi. Wakaona doa jeusi lisilo na ukingo ulioinuka. Kamera ya HiRISE ilipoelekezwa hapo, likathibitika kuwa shimo la paa lililoporomoka, mita 190 kwa 160, kina chake si chini ya mita 115. Hao hata sekondari ya juu hawajafika.

Malighafi ya bure ni hii. Kwa Mirihi: kamera ya CTX, pikseli moja ni kama mita 6, picha moja ina upana wa kilomita 30 hivi, HiRISE, sentimita 25 hadi 30 kwa pikseli ila inafunika sehemu ndogo sana ya sayari, THEMIS ya mionzi joto, mita 100, na MOLA, ramani ya miinuko, mita 463 kwa pikseli kwenye ikweta. Kwa Mwezi: kamera za chombo cha LRO kilichorushwa 2009, ile ya upana mkubwa mita 100 kwa pikseli, ile nyembamba nusu mita. Programu: JMARS ya kutazama na kupima picha za sayari, na QGIS ya kutengeneza ramani, zote bure.

Nataka uzi huu uwe wa kazi. Anayejua hatua aziweke, na anayejua panapoharibika ndiye hasa anayetakiwa.

#2 Regolithi

Panaharibika kabla ya kufungua programu yoyote. Swali. "Je, Mirihi ilikuwa na maji?" ni swali la taasisi nzima na vyombo vitano. Swali la mwanafunzi ni kama hili: "Mtiririko huu wa lava na ule uliopakana nao, vilimwagika wakati mmoja au la?" Lina maeneo mawili, kipimo kimoja, na majibu ya aina tatu tu: huu ni mkubwa kwa umri, ule ni mkubwa, au takwimu haziwezi kutofautisha. Jibu la tatu nalo ni jibu. Mwanafunzi ambaye mradi wake hauna nafasi ya jibu la tatu bado hajapata swali, ana imani.

Jaribio rahisi la kupima swali: andika sentensi moja inayosema ni namba gani ikitokea itakuonyesha kuwa dhana yako si sahihi. Ukishindwa kuiandika, rudi nyuma.

#3 Mpimakreta

Naam. Basi tuchukue swali hilo hilo la lava mbili, nieleze kuhesabu kreta kunavyofanyika. Kreta ninayosema hapa ni ile ya kugongwa na kimondo, si kasoko ya volkano. Mantiki ni ya mvua ya rasharasha: kigae kilichokaa nje muda mrefu kina madoa mengi.

Kwanza chora mpaka. Huu ndio moyo wa kazi ingawa hauna mvuto. Mpaka ufuate ukingo wa lava unaouona kwenye picha: ngazi ndogo, badiliko la ukwaruzo, mahali inapofunika kitu cha zamani zaidi. Usichore mstatili. Mstatili utameza vipande vya ardhi ya umri mwingine, na hapo unapima umri wa mchanganyiko ambao haupo. Palipofunikwa na mchanga au vifusi vya kreta kubwa ya jirani, pakate patoke, kisha andika umekata kilomita za mraba ngapi na kwa nini.

Pili, amua kipenyo cha chini kabla ya kuanza. Kanuni salama ni pikseli 10 kwa kreta. Kwa CTX ni mita 60, kwa THEMIS ni kilomita 1. Chini ya hapo jicho linaanza kubuni. Na ukiona idadi ya kreta ndogo inapungua badala ya kuongezeka, usifurahi kwamba umegundua jambo: picha yako ndiyo imefika mwisho wa uwezo wake, au zimefukiwa.

Tatu, hesabu. JMARS ina tabaka la kuhesabia kreta: unaweka duara juu ya ukingo, unarekebisha kipenyo, unabofya, na mwishoni unatoa jedwali lenye latitudo, longitudo na kipenyo. Kreta iliyokatwa na mpaka ihesabiwe kama kitovu chake kiko ndani, iachwe kama kiko nje. Shika kanuni hiyo moja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nne, hesabu tena. Gawa eneo katika vigae, chagua sehemu ya kumi yake kwa bahati nasibu, acha wiki mbili zipite, uvirudie bila kuangalia hesabu ya kwanza. Tofauti ya hesabu mbili ndiyo kosa lako wewe kama mpimaji, na hulipati kwenye fomula yoyote. Hata wataalamu wakipewa picha moja hawatoki na idadi moja.

#4 BintiLogi

Mkuu, naona umeruka hesabu yenyewe. Idadi inageukaje kuwa umri? Hapo ndipo wengi wanaingiza namba kwenye programu ya Craterstats ya Freie Universität Berlin, wanapata miaka, na wakiulizwa imetoka wapi wanaangalia dari.

#5 Mpimakreta

Ni kweli, dada. Tuifanye kwa mkono. Namba hizi ni za mfano tu.

Eneo ni kilomita za mraba 20,000. Kreta zenye kipenyo cha kilomita 1 na zaidi ni 25. Gawa: 25 ÷ 20,000 = 0.00125 kwa kila kilomita ya mraba. Hiyo ndiyo N(1).

Mlinganyo wa Mirihi unaotumika sana ni wa Ivanov wa 2001:

N(1) = 2.68 × 10⁻¹⁴ × (e^(6.93T) − 1) + 4.13 × 10⁻⁴ × T

T ni umri kwa mabilioni ya miaka. Jaribu T = 3.0. Sehemu ya kwanza inatoa kama 0.00003, ya pili 0.00124, jumla 0.00127. Kwa hiyo lava yetu ina umri wa karibu miaka bilioni 3.

Sasa kosa. Kwa kuhesabu vitu vinavyotokea kwa bahati, kosa ni kipeuo cha pili cha idadi: kipeuo cha 25 ni 5, yaani asilimia 20. N(1) inaweza kuwa 0.0010 au 0.0015. Rudisha kwenye mlinganyo: upande wa chini unapata bilioni 2.4, wa juu bilioni 3.25. Tazama kosa lilivyo la upande: 0.6 kwenda chini, 0.25 tu kwenda juu. Anayeandika "3.0 ± 0.4" hajaufahamu mlinganyo wake, na jaji mwenye macho anakamata hapo hapo.

#6 BintiLogi

Asante. Niongeze kwa nini uko hivyo, maana hapo ndipo penye utamu. Mpaka kama miaka bilioni 3 nyuma, sehemu ya pili ya mlinganyo ndiyo inayotawala, ni mstari ulionyooka: kreta mara mbili, umri karibu mara mbili. Ukivuka hapo kwenda zamani, sehemu ya kwanza inalipuka, kwa sababu zama hizo migongano ilikuwa mingi kupita kiasi. Kwenye eneo lile lile, kreta 52 zinakupa karibu bilioni 3.5, na 104 zinakupa bilioni 3.7. Umeongeza kreta mara mbili, umri umesogea kwa miaka milioni 170 tu.

Matokeo kwa mwanafunzi: akichagua ardhi ya zamani sana, hata akikosea kuhesabu umri hautikisiki sana. Akichagua lava changa, kila kreta aliyoiruka inamgharimu. Lakini lava changa ndizo zenye maswali mazuri. Achague akijua.

#7 Pikseli10

Samahani wakuu, mimi ni mgeni wa mada. Hizo 4.13 na 2.68 zimetoka wapi wakati hakuna jiwe la Mirihi lililoletwa na chombo likapimwa umri?

#8 Regolithi

Swali zuri kuliko unavyodhani, ndugu. Zimetoka Mwezini. Mawe yaliyoletwa na safari za Apollo za Marekani na Luna za Urusi ya Kisovieti yalipimwa umri maabara, kreta za mahali yalipookotwa zikahesabiwa, ukapatikana uhusiano wa idadi na umri. Kisha uhusiano huo ukahamishiwa Mirihi kwa kukadiria ni vimondo vingi kiasi gani zaidi vinapiga huko, kwa kasi gani, na kwa mvutano gani. Na hata Mwezini kulikuwa na pengo kubwa la miaka katikati, mpaka Chang'e 5, chombo cha China, ilipoleta sampuli Desemba 2020, zikaonyesha umri wa kama miaka bilioni 2.

Ndiyo maana mimi sisisitizi umri kamili. "Lava A ina miaka bilioni 2.9" inabeba makosa yote ya kuhamisha Mwezi kwenda Mirihi, na kwa nyuso za umri wa kati kosa hilo linaweza kufika mara mbili. "Lava A ina kreta mara 1.8 kuliko lava B, kwa picha ile ile, mwanga ule ule, mhesabuji yule yule" haibebi hata moja. Mlinganyo ukibadilishwa kesho, sentensi ya pili inabaki imesimama. Mradi wa ushindi umejengwa juu ya sentensi ya pili, na umri unatajwa pembeni.

#9 Msomaramani

Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyetaja projeksheni ya ramani, yaani namna uso wa mviringo unavyolazwa kwenye ramani bapa, na ndiyo inayoua miradi mingi kimyakimya. Ramani ya kawaida ya mstatili, ile ambayo latitudo na longitudo ni miraba sawa, inavuta kila kitu mashariki–magharibi kwa 1/cos ya latitudo. Kwenye latitudo 40 ni mara 1.3. Kwenye 60 ni mara 2. Ukipima eneo humo kwa latitudo 40, limevimba kwa asilimia 30, msongamano wa kreta umeshuka, na lava yako imekuwa changa bila kosa lake. Mbaya zaidi ukilinganisha lava ya ikweta na ya latitudo 40: tofauti utakayoitangaza ni ya ramani.

Tiba: kwenye QGIS tengeneza projeksheni ya eneo sawa yenye kitovu katikati ya eneo lako, na uhakikishe nusu kipenyo cha sayari ni 3,396.19 km. Programu ikiachwa yenyewe inaweza kushika ya Dunia. Hakiki kwa digrii moja ya ikweta: iwe km 59.3. Ukiona 111, uko Duniani.

Na mwanga. Chombo kinachobeba CTX hupita saa tisa alasiri za huko, kwa hiyo kaskazini ikiwa juu, mwanga unatoka kushoto. Ukiigeuza picha, kreta zinageuka vichuguu machoni na vichuguu vinageuka kreta. Ukipotea, tafuta kilima kinachojulikana kwenye MOLA, uone kivuli chake kinaangukia wapi.

#10 Mpimakreta

Umeniwahi, mkuu. Na mimi nilisema "kilomita za mraba 20,000" bila kueleza zimepimwaje. Nimepokea.

Bado kreta tanzu. Kimondo kikubwa kikipiga, mawe yanayorushwa yanaanguka mbali na kuchimba kreta zao. Hizo hazihesabiki kama matone ya mvua, zimekuja kwa pigo moja. Zunil, kreta ya Mirihi yenye upana wa kilomita 10 tu, ilikadiriwa mwaka 2005 kuwa imezaa kreta tanzu kama milioni 10 zenye kipenyo cha mita 10 hadi 200. Kwa hiyo anayehesabu kreta za mita 60 ili apate idadi kubwa na kosa dogo anaweza kuwa anahesabu vifusi vya tukio moja.

Zinatambulika: zimejikusanya au zimepanga foleni, zina umbo la yai, kina chake ni kidogo, kingo zimevurugika. Ila usitegemee jicho peke yake. QGIS ina kipimo cha jirani wa karibu. Kwa mfano wetu wa kreta 25 katika km² 20,000, zikiwa zimetawanyika kwa bahati, wastani wa umbali wa jirani wa karibu ni 0.5 ÷ √0.00125, yaani km 14 hivi. Ukipata km 8, zimejikusanya, tafuta mzazi wao. Ukipata 13 au 15, endelea. Kwa eneo jembamba kipimo hiki kinadanganya kwa sababu ya kingo, kwa hiyo tengeneza seti mia moja za nukta za bahati nasibu ndani ya mpaka ule ule, ulinganishe nazo.

#11 Pikseli10

Na zile za kudondosha gololi kwenye mchanga? Shuleni ndizo tunazoziona.

#12 Regolithi

Gololi kwenye mchanga ni somo zuri na mradi dhaifu. Gololi ya gramu 5 ikianguka mita 2 ina kasi ya mita 6.3 kwa sekunde na nishati ya kama joule 0.1. Kimondo kinakuja kwa kilomita kadhaa kwa sekunde, jiwe linayeyuka, mengine yanakuwa mvuke. Kipenyo kwenye mchanga hukua kwa nishati ipandishwe kipeo cha robo, kwa hiyo kutoka urefu wa mita 0.25 hadi 2, nishati ni mara nane lakini kreta inapanuka mara 1.7 tu. Mchanga wenye unyevu kidogo, au ulioshindiliwa tofauti kati ya pigo na pigo, unafuta tofauti hiyo yote. Ukifanya, koroga mchanga upya kila mara, lainisha kwa rula bila kukandamiza, achia gololi bila kuizungusha, rudia mara kumi kwa kila urefu, na upime kwa picha yenye taa ya pembeni.

Lakini kuna mlango hapo. Mwaka 1968 Quaide na Oberbeck wa NASA Ames walipiga risasi shabaha za maabara zenye tabaka laini juu ya gumu. Wakaona umbo la kreta linafuata uwiano wa kipenyo na unene wa tabaka laini: uwiano ukiwa chini ya 4 hivi kreta ni bakuli la kawaida, ukizidi, sakafu inakuwa bapa au inaota kilima, ukifika 8 hadi 10 na kuendelea, inatokea kreta ndani ya kreta, kama kikombe juu ya kisahani. Kwa hiyo kreta ndogo za Mwezi ni vipima kina vya regolithi, ule udongo uliosagwa na vimondo, na picha za nusu mita za LRO zinazionyesha wazi.

Fomula yao: t = (0.86 − Dn/Dk) × Dk × tan 31° ÷ 2. Dk ni kipenyo cha ukingo wa nje, Dn ni cha sakafu au duara la ndani. Mfano: Dk mita 40, Dn mita 16. Uwiano ni 0.4, 0.86 − 0.4 = 0.46, mara 40 ni 18.4, mara 0.60 ni 11.06, nusu yake mita 5.5. Ukikosea Dn kwa mita 1, ambayo ni pikseli mbili, t inasogea mita 0.3. Ukikosea Dk kwa mita 1, mita 0.26. Vipimo viwili, makosa mawili yanayojulikana, na ramani ya unene inayotoka mwisho. Mwanafunzi akichukua lava mbili za umri tofauti kwenye bahari moja ya Mwezi (uwanda mweusi wa lava) akauliza kama kongwe ina regolithi nene zaidi, huo ni mradi. Gololi zake aziweke kama kielelezo: mchanga wa sentimita 1 juu ya ubao mgumu.

Angalizo: chagua kreta ambazo bado zina makali. Kreta iliyozeeka imejaa udongo kutoka kuta zake, sakafu inabadilika ukubwa, na t inatoka ya uongo.

#13 BintiLogi

Hii ya kreta ndani ya kreta naipenda kuliko ya umri. Haina mlinganyo wa kuazima kutoka sayari nyingine.

#14 Mpimakreta

Inaazima pembe ya 31° na 0.86 kutoka maabara, dada. Lakini nakubali, deni lake ni dogo.

#15 Msomaramani

Kwa wanaolenga ISEF, yale mashindano ya kimataifa ya Society for Science yaliyoanza 1950: alama ni 100. Swali la utafiti 10, muundo na mbinu 15, utekelezaji 20, ubunifu 20, uwasilishaji 35, na ndani ya hizo 35 mahojiano peke yake ni 25. Muhtasari usizidi maneno 250. Kazi inayoonyeshwa isizidi miezi 12 mfululizo. Bango mwisho sm 122 upana na sm 76 kina. Ukifanyia kazi kwenye taasisi ya utafiti kuna fomu 1C inayosema wewe ulifanya nini na wao walifanya nini. Isijazwe kwa aibu. Anayesema wazi "mpaka nilichora mwenyewe, picha zilisawazishwa na msimamizi" anaaminiwa kwa yote yanayofuata.

Pointi 25 za mahojiano zinachezwa kwenye kreta moja. Jaji ataweka kidole kwenye duara lolote ubaoni na kuuliza: hii umejuaje ni kreta? Jibu la "programu imesema" limekwisha hapo. Jibu linalotakiwa: ukingo umeinuka pande zote, kivuli kiko upande wa kushoto ndani kwa sababu mwanga unatoka kushoto, kipenyo ni pikseli 14, na kwenye hesabu ya pili niliipata tena.

#16 Pikseli10

Na kama ndiyo ile ambayo kwenye hesabu ya pili hukuipata?

#17 Msomaramani

Iwe na rangi yake kwenye bango. Zilizopatikana mara zote mbili rangi moja, zilizopatikana mara moja tu rangi nyingine, na idadi ya kila rangi iandikwe chini ya ramani. Akigusa ya rangi ya pili, mwonyeshe jedwali la vigae vilivyorudiwa, na umwambie umri unakuwa ngapi ukizitoa zote.

#18 Mpimakreta

Na kabla ya kuchapa bango, kwa Mirihi, linganisha kreta zako za kilomita 1 na zaidi na orodha ya Robbins na Hynek ya 2012, yenye kreta 384,343. Fanya hivyo baada ya kuhesabu, si kabla. Zilizo kwako na hazimo kwao, na zilizo kwao na hazimo kwako, zirudie moja moja kwenye picha za CTX, kisha uandike sababu kando ya kila moja.